Nyimbo za taratibu za Michael Jackson ambazo hazipigwi: zako ni zipi, na unazipa ngapi kwa kumi?

#1 KasetiChakavu (Arusha)
Wakuu, salaam. Baridi ya Julai imenikalisha ndani hapa Sekei, chai ya tangawizi ipo, umeme kwa bahati upo, nikaanza kumsikiliza Michael Jackson albamu baada ya albamu. Ukimtaja huyu bwana mjini hapa, mtu atakuambia Billie Jean, Thriller, Beat It. Mwambie akutajie wimbo wa taratibu, atasema You Are Not Alone au Heal the World, hapo amefika mwisho wa reli. Kumbe ana nyimbo za kubembeleza zimejificha kwenye pembe za albamu na hakuna redio inayozigusa.

Zangu hizi:
The Lady in My Life (Thriller, 1982): 10
I Can't Help It (Off the Wall, 1979): 9. Huu ni utunzi wa Stevie Wonder na Susaye Greene, na Stevie unamsikia humo ndani hata kama hujaambiwa.
Gone Too Soon (Dangerous, 1991): 9
Stranger in Moscow (HIStory, 1995): 8 na nusu

Leteni zenu. Na mniambie kwa nini hizi hazikutamba. Nina jibu langu ila nasubiri kwanza.

#2 Msindikizaji
Nimeweka kigoda mbele kabisa. Karanga zinauzwa wapi?

#3 BintiNgarenaro (Arusha)
Stranger in Moscow toa. Ulitoka kama singo, una video, mvua inanyesha taratibu watu wamesimama kama sanamu. Huo umefichika wapi? Labda nyuma ya kabati lako.

Yangu ni Butterflies, 2001. Kauandika Marsha Ambrosius na Andre Harris. Nampa 10, na anayempa chini ya 8 hajawahi kupenda.

#4 MangiKiboriloni (Moshi)
Mleta uzi, jibu ni jepesi. Wimbo wa kucheza hauhitaji tafsiri, wa kubembeleza unahitaji. Wengi tulikuwa tunaimba kwa makisio. Mimi mpaka nafika kidato cha pili nilikuwa naimba Human Nature nikidhani anaomba "why" la Kiswahili sijui ni waya gani.

#5 MzeeWaNjoro (Moshi)
#4 hapana kijana wangu. Kama shida ingekuwa Kiingereza, Jim Reeves na Don Williams wasingepigwa kila baa ya Moshi mpaka leo. Watu hawajui hata mstari mmoja na machozi yanawatoka.

Mimi nawarudisha nyuma zaidi. One Day in Your Life. Aliurekodi akiwa kijana kwenye kampuni ya Motown, ukatoka kwenye albamu ya 1975, ukakaa kimya. Alipokwisha kuwa mkubwa kwa Off the Wall, Motown wakautoa tena mwaka 1981 ukaenda namba moja Uingereza. Santuri yake ninayo, imepinda kidogo lakini inaimba. 10 bila kujadiliana.

#6 BintiNgarenaro
Shikamoo Mzee wa Njoro. Lakini ulioshika namba moja Uingereza unaingiaje kwenye uzi wa zisizojulikana?

#7 MzeeWaNjoro
Marahaba. Ulijulikana Uingereza. Wewe ulikuwa unaujua kabla sijautaja?

#8 BintiNgarenaro
Sikuujua. Nimekaa.

#9 KasetiChakavu
Haya, jibu langu sasa. Kosa ni la kanda za kurekodiwa. Miaka ile nani alinunua kanda halisi? Ulikuwa unakwenda kwa jamaa wa kurekodi, unampa kanda tupu, anakurekodia. Kwetu alikuwa jamaa mmoja karibu na soko, jina nalihifadhi. Kanda ikiisha, imeisha, hata kama mtu yupo katikati ya neno. The Lady in My Life ndio wimbo wa mwisho kwenye Thriller. Kanda yangu ilikuwa inakata pale anapoanza kubembeleza, "tak!", kitufe kinaruka. Nimekua mtu mzima ndio nikasikia unavyoisha.

#10 FundiRedio (Arusha)
#9 nakusahihisha kwa heshima. Thriller nzima ni nyimbo tisa, dakika 42. Kanda ya C60 ina dakika 30 kila upande. Upande wa kwanza wa santuri ni kama dakika 20, wa pili kama 22. Inaingia na nafasi inabaki. Huyo jamaa wako alikuibia. Alikuwa anajaza mwanzo wa kanda na vitu vyake, au kanda yenyewe ilishakatwa ikaungwa kwa gundi.

Dangerous hapo nakubali. Ile ina nyimbo 14 na dakika karibu 77, ilitengenezwa kwa kupimia CD. Irekodi kwenye C60: ukifika Will You Be There kanda inakwisha. Keep the Faith hupati, Gone Too Soon ambao ni wa 13 hupati, wala Dangerous wenyewe uliobeba jina la albamu. Mimi nilikuwa nawaambia wateja walete C90. Walikuwa wananiona tapeli wa kuuza kanda.

#11 KasetiChakavu
Miaka zaidi ya thelathini nimemlaumu Michael kwa kuweka wimbo mwishoni kumbe nimlaumu jirani. Asante Fundi, umeniharibia usiku.

#12 ChaliiWaUnga
Oyaa machalii, C60 ndo nini? Ni kama bando?

#13 FundiRedio
Ndiyo, bando la dakika 60. Linaisha katikati ya wimbo vilevile.

#14 DJMstaafu (Moshi)
Nimecheka sana hapo juu. Nawapa kisa. Nilipiga muziki kwenye sendofu na harusi za Moshi miaka kumi na kitu. Kuna sendofu moja MC akanipa ishara, bibi harusi mtarajiwa anaingia na mwenzake kukata keki, weka kitu cha taratibu cha Michael. Nikaweka She's Out of My Life. Sauti nzuri, gitaa na kinanda, ukumbi umetulia, kina mama wanapunga vitambaa. Wimbo ukafika nusu, mjomba wa binti, mwalimu wa Kiingereza, akaja mpaka mezani kwangu. Hakupiga kelele. Akaniinamia sikioni akasema, "Kijana, huyu mtu anaimba kwamba mwanamke ameshaondoka."

Nikautoa nikaweka Kanda Bongo Man. Keki ikakatwa kwa mwendo wa kasi.

Nampa 10 pamoja na aibu zake. Katunga Tom Bahler. Mwishoni sauti inakatika kwa kilio, na Quincy Jones, mtayarishaji wake, alisema kila waliporudia kurekodi Michael alikuwa analia, wakaamua kukiacha kilio humo humo.

#15 MangiKiboriloni
Keki kwa Kanda Bongo Man 😂😂 Meku ulikuwa hatari.

#16 MwalimuZamu (Arusha)
Wimbo wa #14 si mgeni kwa watu, tuuache. Nashangaa mpo kwenye posti ya kumi na sita hakuna aliyetaja wimbo wenye Kiswahili chetu. Liberian Girl, kwenye Bad ya 1987. Unaanza kwa sauti ya mwanamke: nakupenda pia, nakutaka pia, mpenziwe. Huyo ni Letta Mbulu, mwimbaji wa Afrika Kusini, mzaliwa wa Soweto.

Ninaupa 7 kwa muziki na 4 kwa sarufi. Mpenziwe ni mpenzi wake, kama mkewe, mumewe, mwanawe. Sasa dada anamwambia Michael "nakutaka pia, mpenzi wake". Mpenzi wa nani?

#17 ShangaziPasua (Moshi)
Soweto hii yetu ya Moshi?

#18 MwalimuZamu
Ya Johannesburg, Shangazi. Ingekuwa ya Moshi asingekosea.

#19 BintiNgarenaro
Mwalimu unamwonea. Hajasema "mpenziwe" neno moja. Anasema "mpenzi we", kama tunavyosema "mtoto we!", anamwita. Walioandika kwenye kijikaratasi cha albamu ndio walioziunganisha. Hata "nakupenda" waliitenganisha, "naku penda". Utawaamini hao?

#20 MwalimuZamu
Hoja yako ina uzito. Lakini bado "pia". Nakupenda pia linasemwa na mtu anayejibu. Wimbo ndio kwanza unaanza, bwana hajafungua mdomo. Anamjibu nani?

#21 DJMstaafu
Anajibu meseji.

#22 ShangaziPasua
Na hilo "nakutaka" jamani. Mtu akija Pasua akasimama mlangoni kwa baba akasema nakutaka, atarudi na mbwa.

#23 ChaliiWaUnga
Swali zito: Liberia wanaongea Kiswahili?

#24 MzeeWaNjoro
Hawaongei. Kiingereza chao na lugha zao, Kpelle, Bassa, Vai na nyinginezo. Kiswahili kilifikaje hapo, mimi ninavyoona, ni kwa sababu Wamarekani weusi walishakifanya lugha ya Afrika nzima. Tangu miaka ya sitini. Sikukuu yao ya Kwanzaa iliyoanza 1966 imejaa maneno yetu, umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa. Watoto wanaitwa Imani na Jamila. Kwa Mmarekani, ukitaka Afrika isikike kwa maneno matatu, unachukua Kiswahili.

#25 FundiRedio
Mzee, mimi naona ni jambo la simu tu. Quincy Jones alikuwa anamjua Letta Mbulu toka zamani. Ndiye aliyeimba kwenye muziki wa Roots, ule mfululizo wa televisheni wa 1977, Quincy akiwa mtunzi, na mumewe Caiphus Semenya alikuwa kwenye kazi hiyo. Quincy alihitaji sauti ya Kiafrika, akampigia anayemjua. Angekuwa anamjua Mliberia angempigia Mliberia.

#26 BintiNgarenaro
Hiyo inaeleza sauti, haielezi lugha. Letta angeweza kusema Kizulu. Kuna mtu alichagua Kiswahili kwa makusudi. Mimi nasema ni kwa sababu kina irabu kila mwisho wa neno, kinateleza mdomoni. Jaribu kusema "nakupenda" kwa kunong'ona, halafu jaribu kwa lugha nyingine yoyote.

#27 MangiKiboriloni
Jaribu Kichaga. Hata jogoo anaamka.

#28 DJMstaafu
Tushukuru alitumia maneno ya kweli. Lionel Richie kwenye All Night Long, 1983, aliweka maneno kama ya Kiafrika, baadaye akakiri aliyabuni mwenyewe. Nimewahi kuulizwa na mzee mmoja ukumbini kama hicho ni Kisambaa.

#29 KasetiChakavu
Wakuu turudi kwenye alama. Na asitokee mtu akaanza ya nani alitunga Malaika, hapo hatutalala.

#30 Msindikizaji
Si Fadhili William?

#31 KasetiChakavu
MSINDIKIZAJI KAA KWENYE KIGODA CHAKO.

#32 NyotaYaMeru (Arusha)
Nimechelewa, nilikuwa kazini. Naongezea kuhusu Stranger in Moscow ambao Binti aliutoa kwa dharau. Aliuandika Moscow mwaka 1993, yuko ziarani, mvua nje, habari mbaya zimemzunguka dunia nzima, hana wa kuongea naye. Video yake ya 1996 aliongoza Nick Brandt, yule yule aliyeongoza Earth Song mwaka uliotangulia. Na kipande cha Earth Song kilipigwa hapa hapa Tanzania. Brandt aliwapenda wanyama wa huku tangu kazi ile, akaacha video za muziki akawa mpiga picha wa tembo na simba, zile picha kubwa nyeusi na nyeupe. Mimi natembeza watalii, kuna wageni wananionyesha kitabu chake kwenye gari wakitaka simba asimame vile vile. Nawaambia simba wa leo hajui kusimama.

Kwa hiyo alama 9. Ule mdundo wa mdomo unaopiga badala ya ngoma ni Michael mwenyewe.

#33 BintiNgarenaro
Sikuutoa kwa ubaya wake, niliutoa kwa umaarufu. Alama nampa 9 na mimi. Kumbe ya tembo ilianzia kwa Michael!

#34 ShangaziPasua
Mimi wangu ni Ben. Nimemlea mtoto wangu wa kwanza nao, nilikuwa namwimbia akilala. Sauti ya kitoto, safi kama maji ya Rau. 10.

#35 FundiRedio
Shangazi, unajua Ben ni nani?

#36 ShangaziPasua
Rafiki yake.

#37 FundiRedio
Ni panya. Ni wimbo wa sinema ya 1972 kuhusu kijana na panya wake, jina lake Ben. Michael alikuwa na miaka 14 ulipofika namba moja Marekani.

#38 ShangaziPasua
Panya??? Mwanangu ana miaka 31, yuko benki, nimemlea kwa wimbo wa panya?

#39 MangiKiboriloni
Ndio maana anapenda stoo.

#40 ShangaziPasua
Mangi wewe nitakutafuta, Kiboriloni si mbali, ni nauli moja tu. Alama yangu haibadiliki. Panya au si panya, 10.

#41 NyotaYaMeru
Kwenye swali la kwa nini hazitambi, kuna wimbo uliowahi kuzimwa kwa kesi ya mahakamani. Someone in the Dark, wa mwaka 1982, uko kwenye santuri ya hadithi ya sinema ya E.T. ambayo Michael ndiye msimulizi. Kampuni yake ya Epic na kampuni ya MCA wakagombana, santuri ikaondolewa madukani. Ikapata Grammy ya watoto 1984 ikiwa haiuzwi. Utunzi wa Rod Temperton na akina Bergman, mtu na mkewe. Mtamu kuliko nusu ya mlivyotaja. Nampa 9.

#42 KasetiChakavu
Huu sikuujua hata mimi mleta uzi. Nautafuta.

#43 FundiRedio
Na The Lady in My Life nao ulikatwa, ila si na jirani yako. Walipomaliza Thriller nyimbo zilikuwa ndefu mno kwa santuri. Ukijaza upande mmoja kupita kiasi mifereji inakuwa myembamba, sauti inanywea. Waliposikiliza ilikuwa mbaya, wakakaa siku kadhaa kuzipunguza na kuzichanganya upya. Rod Temperton, mtunzi wake, akautoa ubeti mzima kwenye The Lady in My Life. Kwa hiyo hata hiyo 10 yako umempa wimbo uliokatwa mguu.

Halafu nyimbo saba kati ya tisa zilitolewa kama singo. Zilizobaki mbili ni huo na Baby Be Mine. Hapo ndipo ulipofichikia. Singo ndiyo iliyopelekwa redioni. Kisichokuwa singo hakikupanda ndege kuja huku.

#44 MzeeWaNjoro
Kuna maelezo kwamba alipourekodi Quincy alimwambia aimbe kama anayeomba, abembeleze kweli. Michael akaona haya. Akaomba taa zizimwe na pazia lifungwe wasimwone, ndipo akaimba. Amelieleza mwenyewe kwenye kitabu chake cha 1988. Mtu aliyecheza mbele ya maelfu anaona haya kubembeleza mbele ya watu wanne.

#45 DJMstaafu
Hilo mimi naliamini. Zile dakika za mwisho anaachia mashairi anabaki anaomba tu, hakuna anayeweza kuigiza vile na taa zinawaka. Kwenye harusi sikuwahi kuupiga watu wakiwa wamejaa. Nilikuwa naupiga mwisho kabisa, ukumbi umebaki na wanaokusanya viti, na jozi mbili tatu zisizotaka kwenda nyumbani.

#46 BintiNgarenaro
Gone Too Soon mnauachaje? Mdogo wangu alifariki 2010, marafiki zake wa shule wakauweka kwenye simu pale msibani, simu juu ya meza, sauti ndogo. Sikuwa naujua. Nilidhani ni wa dini. Baadaye nikasoma kwamba Michael aliutoa kwa ajili ya Ryan White, kijana wa Marekani aliyeambukizwa VVU kwa dawa ya damu akafukuzwa shule, akafariki 1990 na miaka 18. Siwezi kuupa alama. Sio kwamba ni mbaya.

#47 ShangaziPasua
Pole mwanangu.

#48 KasetiChakavu
Pole sana dada. Wimbo huo tuuache bila namba.

#49 NyotaYaMeru
Pole Binti. Watunzi ni Buz Kohan na Larry Grossman. Michael aliuimba Januari 1993 kwenye sherehe ya kuapishwa kwa Clinton, akitumia nafasi hiyo kuomba fedha za utafiti wa UKIMWI. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa Dar es Salaam, Februari 1992, kwa Rais Mwinyi. Huku kwetu kaskazini tuliishia kumwona gazetini.

#50 ChaliiWaUnga
Nimesikiliza zote mlizotaja tangu mchana, bando limekata mara mbili. Orodha yangu kama kijana: Butterflies 10, I Can't Help It 10, Stranger in Moscow 8, One Day in Your Life 5, samahani Mzee. Liberian Girl 9, sarufi mtajua wenyewe. The Lady in My Life 7, unachelewa kuchanganya.

#51 MzeeWaNjoro
Tano??

#52 ChaliiWaUnga
Sauti inakwaruza Mzee.

#53 MzeeWaNjoro
Umeusikiliza kwenye simu ya kupasuka kioo. Njoo Njoro nikuwekee santuri, halafu urudi hapa uandike upya.

#54 MwalimuZamu
Nimerudi kusikiliza ule mwanzo mara kumi kwa ajili ya Binti. Mara tano nasikia "mpenziwe", mara tano "mpenzi we". Sarufi naipandisha kutoka 4 hadi 5. "Pia" bado inanikera.

#55 KasetiChakavu
Wakuu, nimeipata ile kanda yangu ya Thriller, ilikuwa kwenye sanduku la mama na vitambaa vya kushona. Nataka nijue huyo jirani alijaza nini mwanzoni mpaka akanikatia wimbo. Nani Arusha ana deki ya kaseti inayofanya kazi?

#56 FundiRedio
Ninayo hapa Kaloleni. Mpira wake umelegea kidogo, kila mtu anaimba kama amelewa.

#57 KasetiChakavu
Hata Michael?

#58 FundiRedio
Michael ndiye amezidi. Leta kanda, na uje na kalamu ya pembe sita ya kuizungushia.